Buluu na Kijani Zilivyoigawa Kaloleni

Sisi tuliokulia Kaloleni, hapa Voi, enzi ambazo simu ilikuwa ya kupigia simu tu basi, tuna mambo yetu ambayo tukiwasimulia vijana wa leo wanatutazama kama watu waliotoroka makumbusho. Tulikuwa na vumbi, kwanza. Vumbi jekundu, laini, lililoingia kwenye soksi, kwenye uji, masikioni, hata kwenye nguo za Krismasi zilizofungiwa sandukuni. Mama akituogesha jioni, maji ya beseni yaligeuka chai ya rangi. Alikuwa na usemi wake: "Mtoto atakayerudi na vumbi atalala na mbuzi." Hatukuwa na mbuzi, lakini tulimwogopa huyo mbuzi kuliko simba wa mbugani.

Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa kupigwa mpira, kwa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Tuliruka bladda, kamba ya mpira inayovutika, kuanzia magotini mpaka shingoni, na aliyefika shingoni aliheshimiwa wiki nzima. Ijumaa tulibeba jerikeni za maji kwenda shule kupiga deki darasa, na wavulana walihakikisha maji mengi yameishia miguuni mwetu. Jumamosi asubuhi, harufu ya mahamri na mbaazi ilitoka kwa kina Zulekha, nyumba ya pili kutoka kwetu. Zulekha alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Watu wao asili yao ni pwani, na mamake alijua kuumua unga kiasi kwamba hamri likikatwa lilitoa pumzi. Mimi nilimpelekea ndizi za kutoka Bura, kwa nyanya yetu, yeye akaniletea mahamri. Biashara ilikuwa safi, haina malalamiko.

Jambo lingine ni kwamba enzi hizo hakuna mtu aliyenunua kitu peke yake. Jirani akinunua kochi, mtaa mzima ulipita kulikalia na kutoa maoni. Akinunua redio, wanaume walijipanga uani kumwelekeza upande wa kugeuzia erio, yaani antena, kila mmoja upande wake. Kwa hivyo mnaweza kukisia kilichotokea siku Baba alipotangaza mezani kwamba nyumba yetu itanunua kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Shangazi Wakesho, dadake Baba wa mwisho, aliyekuwa akikaa kwetu. Alikuwa amemaliza kozi ya kompyuta Mombasa, akarudi na cheti na vidole vyenye kasi ajabu. Hata akiwa amekaa tu anasubiri chai, vidole vyake vilipiga chapa juu ya paja. Mwalimu mkuu wa shule moja kule Bura alikuwa amemwahidi kazi ya kuchapa mitihani ya mwisho wa muhula. Akiifanya vizuri, shule za jirani nazo zingemletea. Akishindwa, shamba la kabeji la nyanya lilikuwa likimsubiri. Shangazi hakuwa na ugomvi na kabeji, ila hakutaka kuishi nazo maisha.

Nyanya, ambaye sisi Wadawida humwita Wawa, aliuza fahali wake ili kuchangia. Tangu siku hiyo akawa mwenye hisa. Kila aliyeshuka kutoka Bura alituletea swali lake: "Wawa anauliza, hiyo mashine ikifa, nyama yake inaliwa?"

Sasa, tatizo. Enzi hizo, kama ilivyo leo, kulikuwa na kampuni mbili zilizoshindania kutengeneza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kidude kinachofikiri. Sitazitaja majina, maana hapa Voi kuna watu hawajapatana mpaka leo. Moja ilikuwa na stika ya buluu mbele ya kasha, nyingine stika ya kijani, na hivyo ndivyo tulivyoziita: Buluu na Kijani.

Buluu iliuzwa na Mzee Abdalla, babake Zulekha, mtu mpole mwenye kofia safi, aliyekuwa na duka karibu na soko. Alimkalisha Baba kwenye stuli, akampa kahawa.

"Baba Saru," akamwambia, akimwita kwa jina langu, "chombo hichi si cha kujaribiajaribia. Maofisi yote yatumia Buluu. Wewe umeona wapi benki ikitumia Kijani?"

Baba hakuwahi kuchungulia kompyuta ya benki yoyote, lakini swali lile lilimpiga kifuani. Isitoshe, alikuwa karani, na kompyuta ya kazini kwao ilikuwa na stika ya buluu. Kwa Baba, kitu kikishakaa ofisini kimeshapita mtihani.

Kijani nayo iliuzwa na Njoroge, kijana aliyetoka bara na kufungua kiduka upande wa pili wa barabara, muziki juu, miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Yeye hakuhangaika na Baba. Alimwendea Shangazi.

"Madam, hiyo Buluu unalipia jina tu. Chukua Kijani. Kazi ni ile ile, na pesa inabaki ya printa. Na hii kitu, acha nikuambie, iko moto!"

Kwa haki yake, hakudanganya. Ilikuwa moto kweli kweli, kama mtakavyosikia.

Shangazi alirudi ameamua. "Kaka," akamwambia Baba, "mtihani bila printa nitaupeleka Bura kwa mdomo?"

"Kitu rahisi ni rahisi," Baba akajibu. "Wakesho, hapa hatununui nyanya sokoni."

Basi nyumba ikagawanyika. Mama alikataa kuwa upande wowote. Alisema yeye yuko upande wa bili ya stima. Lakini nyumba ilikuwa ndogo mno kuuzuia ugomvi ule usitoke nje, ukatoka. Kinyozi akawa Buluu. Mama wa mandazi akawa Kijani, kwa sababu kinyozi alikuwa Buluu. Watu waliokuwa hawajawahi kugusa kibodi waligonga meza za hoteli wakieleza mambo ya kasi na kumbukumbu. Ukienda kununua chumvi, mwenye duka alikuuliza kwanza, "Nyumba yenu imeamua vipi?" ndipo akupe chumvi.

Sisi watoto tukawa wabaya kuliko wakubwa. Timu za kati zikaitwa Buluu na Kijani. Tulitukanana kwa ajili ya prosesa, na hakuna kati yetu aliyejua prosesa ni nini. Mimi binafsi niliamini ni kitu cha ukubwa wa boga, kinachopumua. Siku moja mchezo ukiwa umepamba moto, Zulekha alisimama katikati na mpira mkononi akasema, "Babangu amesema Kijani ni ya watu wasojua!"

"Shangazi yangu ana cheti!" nikamjibu.

"Cheti chapiga hesabu?"

Nikamvuta mtandio. Akanimwagia vumbi kichwani, kana kwamba sikuwa nalo la kutosha. Tangu hapo hatukusemezana. Jumamosi ikafika, harufu ya mahamri ikapita dirishani kwetu kama kawaida, ila yenyewe hayakuja. Nilikula uji mtupu nikiitazama nyumba ya pili, na nawaambia ukweli, teknolojia haijawahi kunitia hasara kubwa kama ile.

Baba alipoona hata kazini anaulizwa, akapitisha uamuzi. "Zije zote mbili hapa kwangu. Zishindane, tumalize."

Siku ya mashindano watu walikuja mapema wakabeba na viti vyao. Meza ya kulia ikawekwa katikati ya sebule, Buluu kulia na Mzee Abdalla wake, Kijani kushoto na Njoroge na miwani yake. Waliokosa nafasi ndani walijaa madirishani mpaka nyumba ikawa giza. Wawa aliteremka kutoka Bura na gunia la kabeji na mkungu wa ndizi, akapewa kochi la mbele.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nataka kuona hiyo ubongo."

"Shikamoo bibi," Mzee Abdalla akasema. "Ubongo wake uko ndani, hauonekani hivi hivi."

"Ng'ombe wangu alikuwa anaonekana."

Mzee Abdalla akachukua bisibisi, akafungua kasha, akatoa feni ndogo iliyokuwa juu, akamwonyesha. Wawa aliinama akatazama kile kidude cha mraba kwa muda mrefu. Kisha akainua uso, akatutazama sote.

"Fahali yangu mzima," akasema, "ile ilikuwa inavunja boma ya jirani, imekuwa biskuti?"

Watu walicheka mpaka waliokuwa dirishani wakaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikilia moyoni kwa ajili ya boga langu.

Feni iliporudishwa, mashindano yakaanza. Zikawashwa pamoja, Buluu ikaamka mbele kidogo, kinyozi akarusha kofia yake hewani. Zikapewa hesabu ndefu, zikamaliza sambamba, kila upande ukashangilia kwamba umeshinda. Njoroge akaona mambo ni sare, akafungua mchezo wa magari. Gari jekundu likakata kona kwa mlio, na nusu ya wafuasi wa Buluu, wote watoto, wakahamia kushoto bila aibu. Hata Zulekha alisogea, akakumbuka yeye ni nani, akarudi.

"Mitihani ya watoto haina magari!" Mzee Abdalla akapaza sauti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti nje ya duka lake.

Ndipo Shangazi akaketi. Aliandika ukurasa mmoja kwenye Buluu, akahamia Kijani akaandika ukurasa ule ule, vidole vikilia kama mvua juu ya mabati. Alipomaliza alifuta jasho akasema, "Kaka, vidole vyangu havioni tofauti. Lakini nisipokuwa na printa vitaiona."

Baba akamgeukia mamake. "Mao, wewe unasemaje?"

"Kijani," Wawa akasema papo hapo. "Kijani ni mboga. Hiyo buluu sijawahi kuona ikiota."

Na hivyo ndivyo familia yetu ilivyochagua prosesa. Njoroge alibebwa juu juu. Mzee Abdalla alifunga mashine yake kwa shuka, akaaga kwa adabu, akaenda. Baba alishindwa kiungwana, ila alitoa sharti moja, kwamba kitu hicho kitakaa sebuleni kwake.

Na kilikaa kama bwana harusi. Baba alikiingiza ndani ya kabati la ukutani, nyuma ya vioo, kando ya vile vikombe ambavyo havikuwahi kunywewa na mtu. Mama akakitandikia kitambaa cha kushona juu, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Shangazi alipiga chapa kabati likiwa wazi, magoti nje, na akinyanyuka tu Baba alifunga vioo. Wageni walikaribishwa kuja kukitazama. Kugusa hapana.

Wiki ya mitihani ilipofika, ule moto wa Njoroge ukajidhihirisha. Asubuhi mashine ilifanya kazi kama malaika. Jua la Voi likishapanda, mabati yakaanza kulia ta-ta-ta, skrini ilisema "pu!" ikawa nyeusi. Shangazi alipoteza maswali yote ya sayansi. Akayaandika upya, pu! Akaandika ya Kiswahili, pu! Njoroge alikuwa amesafiri Nairobi kuleta mzigo, na duka lake lilikuwa na kufuli kubwa. Wafuasi wa Buluu nao walipita mlangoni mmoja mmoja, nyuso za huruma, wakiuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Mitihani ilitakiwa Bura Ijumaa. Jumatano mchana nilimkuta Shangazi jikoni amesimama mbele ya kitunguu ambacho bado hakijakatwa, na analia. Aliponiona alijifuta kwa upande wa leso, akavaa viatu, akanishika mkono.

"Twende kwa Mzee Abdalla."

"Atatucheka," nikasema.

"Acha acheke. Mitihani ni yangu."

Njia nzima alikuwa akitembea haraka mpaka nikakimbia. Tulikuta duka limefungwa nusu, kama lilivyofungwa kila siku adhuhuri. Sote tulijua huo ni muda wake wa kuswali na kupumzika. Shangazi alibisha, akaita hodi, akasogeza pazia. Nyuma ya pazia Mzee Abdalla alikuwa na fulana ya ndani, jasho linamtiririka. Mbele yake ilikuwa ile Buluu yake tukufu, kifuniko kimetolewa, feni kubwa ya kusimama imeelekezwa tumboni mwa mashine. Mkononi alishika kipepeo cha kupepelea mkaa, na alikuwa akiipepea.

Tulitazamana. Feni ikazunguka.

"Nayo huzimika?" Shangazi akauliza polepole.

Mzee Abdalla alikitazama kipepeo chake kama mtu asiyejua kimefikaje mkononi. "Bibi Wakesho," akasema, "wallahi jua la hapa halichagui rangi."

Shangazi alicheka. Mzee akajaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka naye mpaka akakaa chini. Kisha akavaa kanzu, akachukua bisibisi, akamwita Zulekha abebe pampu ya baiskeli.

Alipofika kwetu akasimama mbele ya lile kabati la vioo, akatazama kitambaa, akatazama maua. "Baba Saru," akamwambia Baba, aliyekuwa amerudi kula chakula cha mchana, "mgonjwa ana homa, nanyi mmemvisha sweta."

Akaitoa nje, akaifungua. Ndani mlikuwa na Voi nzima: vumbi jekundu limelala kila pahali kama blanketi, na mjusi mmoja aliyekuwa ameona pale panafaa kuishi. Mzee alipuliza kwa pampu ya baiskeli, wingu likainuka tukakohoa wote. Alikuwa akiisemesha kwa sauti ya chini. "Nakutibu, haya. Lakini sikupendi." Mimi nilishika sahani ya skrubu, Zulekha akasukuma pampu. Tulikuwa bado hatusemezani. Vumbi lilipotulia nilimtazama, uso wake mwekundu wote isipokuwa macho, naye akanitazama, na sijui nani alianza kucheka.

"Mama apika mahamri kesho," akaninong'oneza.

Mashine iliwaka vizuri. Ilipofika saa tisa, pu!

"Basi," Mzee Abdalla akasema, akiweka chini bisibisi yake. "Huyu ataka baridi. Mpelekeni kwa bibi yake, kule mlimani Bura."

Kesho yake alfajiri aliifikisha Bura kwa pikapu yake mwenyewe, yeye wa Buluu akiibeba Kijani. Kasha lilikaa mbele, limefungwa blanketi, Shangazi amelipakata kama mtoto. Baba, Zulekha na mimi, tulioomba ruhusa kazini na shuleni, tulikaa nyuma na printa na kikapu cha mahamri. Kadiri tulivyopanda mlima ndivyo hewa ilivyopoa, tukaanza kutafuta masweta. Wawa alikuwa ametuandalia meza kando ya dirisha, na kimanga, chakula chetu cha kupondwa, kikiwa moto jikoni. Stima ilikuwa imefika kwake si zamani, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana aliyoipa.

Shangazi alikaa. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikafika. Mashine ikaendelea kuvuma. Saa tisa, saa kumi, bado. Printa ilipoanza kulia, Wawa alisimama kufungua mlango akidhani kuna mgeni, na alifanya hivyo kila ukurasa. Baadaye aligundua kwamba nyuma ya kasha panatoka hewa ya moto, akavuta kigoda chake akaegemeza mgongo hapo. Kuku wake mmoja naye akaja akatulia miguuni.

"Hata ile fahali," Wawa akasema, macho amefumba, "haikuwahi kunipasha mgongo."

Ijumaa Shangazi alivaa gauni lake la mahafali akapeleka mitihani. Mwalimu mkuu alisoma ukurasa baada ya ukurasa, sisi tumejibanza mlangoni. Aligundua kosa moja, akalizungushia kalamu, akaonekana kufurahi kulipata. Kisha akasema, "Muhula ujao utafanya na ya darasa la nane." Shangazi alishukuru kwa utulivu kabisa. Tulipopita geti alikaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiana, alimpigapiga mgongoni kama mtu anayezima moto.

Hakurudi tena kuishi Kaloleni. Alifungua chumba chake pale pale kwa Wawa, akachapia shule, makanisa na kamati za harusi za nusu ya mlima, na kabeji akawa anazinunua. Njoroge aliporudi alitangaza mji mzima kwamba Kijani imeshinda. Mzee Abdalla akasema sawa, lakini muulizeni nani aliifufua. Wakabishana hivyo kwa miaka, kila mmoja amesimama mlangoni mwa duka lake, mpaka wateja wakawa wanakuja kwa ajili ya ubishi.

Juzi binti yangu Mkamburi, anayesoma chuo, alinunua kompyuta ya kuhariria video zake. Zile kampuni mbili bado zipo, bado zinagombana. Alichagua akiwa amelala kitandani, simu mkononi, visikizio masikioni. Ananiambia watu wanabishana humo ndani ya simu kwa matusi mazito, watu wa nchi za mbali wanaojiita majina ya vitu, na hakuna anayemjua mwenzake.

"Umechukua ipi?" nikamuuliza.

"Mathe, zote ziko fiti tu," akasema. "Nimeangalia rivyu za walionunua."

Boksi lilikuja na basi la mizigo. Nilidhani tutalifungulia sebuleni, nikawa nimeshapanga viti. Akalibeba moja kwa moja chumbani kwake, akafunga mlango, na kupitia upenyo wa chini nikaona taa zinabadilikabadilika, nyekundu, zambarau, samawati, kama harusi isiyo na wageni. Inafanya kazi vizuri. Haijazimika hata siku moja. Ina feni zaidi ya hoteli.

Nilienda mlango wa mbele nikaufungua, nikatazama barabara juu na chini. Ilikuwa Jumamosi mchana, na kila nyumba ilikuwa imefungwa, kila mtu ndani na skrini yake. Nilisimama pale kitambo, nikitamani japo jirani mmoja atokee na kiti chake, aje atuambie tumekosea.